Vifuniko vilivyofuga maji: uchambuzi wa kisa cha taa za ukungu za gari la michezo la zamani

Gari na taa zake

Gari lenyewe ni dogo, la milango miwili, kichwa wazi, lililoundwa Uingereza miaka ya mwisho ya 1960. Mwenyewe ni mzee mstaafu aliyelirudisha barabarani kwa mikono yake, kipande kwa kipande. Jina lake, modeli ya gari na mahali tulipofanyia kazi nimeviacha kwa makusudi. Mimi ni fundi wa viti na maturubai. Upande wa umeme ulishikwa na fundi mwenzangu, naye nitamtaja kwa kazi yake tu.

Mbele ya bampa zimefungwa taa mbili za ukungu, za mviringo, za enzi ileile ya gari. Ukingo wake ni chuma kilichopakwa kromu. Nilipima kwa kalipa nikapata kipenyo cha milimita 146, na kioo kimetuna mbele ya ukingo kwa milimita 12. Ndani mna balbu ya halojeni aina ya H3, wati 55. Taa za namna hii hufungwa chini kwa sababu mwanga wake unatakiwa utambae karibu na barabara, usipande juu na kumrudia dereva machoni. Bahati mbaya huko chini ndiko yanakopita mawe yanayorushwa na matairi ya gari lililo mbele.

Mzee alinijia baada ya jiwe kupiga kioo cha kulia. Ufa ulikuwa mfupi, kama urefu wa kucha, lakini ulishaingiza maji. Kwenye kiakisi, ule upande wa ndani unaong'aa kama kioo cha kujitazamia, palikuwa na doa la kijivu. Tabaka lile la kuakisi ni jembamba mno hata kitambaa laini kinaweza kuling'oa, kwa hiyo doa likishaingia halifutiki. Kwa bahati alipata taa nyingine iliyotumika ya aina ileile.

"Fundi," aliniambia, "hii ndiyo ya mwisho niliyoiona kwa miaka mitatu. Nifanyie kitu isije ikapigwa tena."

Vifuniko vya taa za ziada vina historia ndefu kwenye mashindano ya rali. Madereva walikuwa wakifunika taa mchana ili vioo vifike usiku vikiwa vizima. Kampuni ya taa ya Ufaransa, Marchal, ilijulikana kwa vifuniko vyenye kichwa cha paka, nembo yake. Mzee alikuwa na picha za magari ya namna hiyo ukutani, na alitaka gari lake lipendeze vilevile. Naitaja hamu hiyo kwa sababu iliongoza maamuzi yetu kuliko tulivyokiri wakati ule.

Jaribio la kwanza: plastiki angavu

Ombi la kwanza lilikuwa kifuniko angavu cha kukaa juu ya taa wakati wote, taa ziwashwe zisiwashwe. Tulilinganisha akriliki na polikaboneti. Akriliki haikwaruziki upesi lakini jiwe likiipiga sawasawa inapasuka. Polikaboneti inastahimili pigo, ila inakwaruzika kirahisi, inageuka njano juani isipokuwa na tabaka la kinga, na petroli inaidhuru. Kwa kuwa adui wetu alikuwa jiwe, tulichagua polikaboneti ya milimita 2.

Nilimimina kalibu ya plasta nikifuata umbo la kioo, nikaweka karatasi ya plastiki kwenye oveni hadi ilegee, kisha nikaivuta juu ya kalibu kwa mashine ya kufyonza hewa. Ya kwanza ilitoka imejaa vipovu vidogo kama maji ya soda. Kosa lilikuwa langu: polikaboneti hunywa unyevu wa hewani, na ikipashwa moto wa kukandia kabla ya kukaushwa, unyevu huo unageuka mvuke ndani yake. Ya pili niliikausha kwanza kwenye nyuzi 120 za Selsiasi kwa saa kadhaa, nikaikanda. Ilitoka safi kabisa. Ukiishika mkononi usingeona kasoro.

Ukutani ndipo kasoro ilipoonekana. Tuliliegesha gari mbele ya ukuta mweupe usiku na kuwasha taa bila kifuniko. Mwanga ulikaa kama mkanda mpana, chini umeng'aa, juu umekatwa kwa mstari ulionyooka. Tulipovalisha kifuniko mstari ule ulififia, na wingu la mwanga hafifu likapanda juu yake. Mtu asiyejua angesema taa imeongeza mwanga. Lakini kazi yote ya taa ya ukungu iko kwenye mstari ule wa juu. Ukivunjika, mwanga unapiga matone ya ukungu usawa wa macho ya dereva na kumrudia kama pazia jeupe.

Palikuwa pia na suala la kisheria. Taa ya gari hupitishwa ikiwa na kioo chake, na kitu unachokiongeza mbele yake hakikuwamo kwenye upimaji huo. Waliopenda magari ya zamani wanakumbuka rali ya Monte Carlo ya 1966, magari ya Mini yaliyoshika nafasi tatu za kwanza yalipoondolewa kwa sababu ya taa. Mzee ndiye aliyenikumbusha kisa hicho, akaamua mwenyewe: kifuniko angavu basi. Tutengeneze cha kuvua na kuvaa, na kikiwa kimevaliwa taa isiwashwe.

Jaribio la pili: reksini, sponji na flaneli

Hapa nilijiona nimerudi nyumbani. Kushona reksini ndiyo kazi yangu ya kila siku. Nilipanga tabaka tatu: reksini nyeusi nje, sponji ya milimita 3 katikati, flaneli laini ndani ili kromu isikwaruzwe. Umbo lake lilikuwa kama kofia ya kibandiko: duara la mbele, ukanda wa pembeni, na lastiki iliyopitishwa kwenye pindo la nyuma.

Nieleze hesabu ya ukanda, maana wengi hukosea hapo kama nilivyokosea mimi. Mzingo wa taa ni 146 mara 3.1416, yaani karibu milimita 459. Nilikata ukanda wa 459 nikaongeza 20 za mshono. Kifuniko kikagoma kuvaa. Sababu ni kwamba reksini haigusi taa, inakaa nje ya sponji. Ukipima hadi katikati ya unene wa reksini, iko milimita 3.5 mbali na chuma, na milimita hizo 3.5 kila upande zinaongeza mzingo kwa 3.5 mara 2 mara 3.14, ambayo ni 22. Ukanda sahihi ni 481, kisha uongeze zile 20 za mshono. Unene unaoonekana si kitu kwenye kipenyo unadai sentimita mbili na zaidi kwenye mzunguko.

Nilikata upya, lakini nikapunguza 5 kwa makusudi ili sponji ibanwe kidogo. Kifuniko kilikaa kwenye taa kama ngozi ya ngoma, bila mkunjo hata mmoja. Niliongeza mshono wa pambo kwa uzi mwekundu. Mzee alivitazama kwa muda bila kusema neno, kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Niliiona kazi imekwisha.

Kilichotokea baadaye

Wiki chache zilipita. Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, gari likiwa safarini vifuniko vimevaliwa. Siku nne baada ya mvua kukatika mzee alivivua akaniita. Nilibonyeza sponji kwa vidole viwili, maji yakachuruzika. Siku nne! Sponji ya viti ina matundu yanayopitana. Ikilowa inashika maji kama ile ya kuoshea vyombo, na reksini ya nje haipitishi hewa ya kuikausha. Maji yaliingia kwenye vitundu vya mshono na pindo la nyuma, yakakosa pa kutokea.

Kwenye ukingo wa taa, pale flaneli ilipogusa, palikuwa na vidoa vya rangi ya kutu vimejipanga nusu duara upande wa chini. Kromu yenyewe haishiki kutu. Lakini tabaka la kromu ya mapambo kwa kawaida halifiki hata mikrometa 1, na lina nyufa na vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji yakilala juu yake siku kadhaa yanapenya, na kwenye taa kuukuu kama hizi, ambazo nikeli ya chini imeshachoka, yanafika hadi kwenye chuma. Vidoa tulivisafisha. Vishimo vidogo vilibaki.

Kulikuwa na jambo jingine nililoligundua kwa kucha. Nilipopitisha kidole kwenye flaneli ilikwaruza, kumbe ilikuwa imekamata chembe za mchanga. Mchanga wa kwatzi ni mgumu kuliko kioo. Gari linapotetemeka, kitambaa nilichokiweka kwa ajili ya ulaini kinageuka msasa juu ya kioo kilichotuna. Chini ya taa kali tuliona mikwaruzo mifupi katikati ya kioo cha kushoto, palepale duara la mbele lilipokuwa limekigusa.

Nilikuwa bado natafakari hilo lilipotokea la pili. Swichi ya taa za ukungu iko chini ya dashibodi, mahali goti la dereva linapoweza kuigusa wakati wa kupanda. Mzee alitoka alfajiri, vifuniko vimevaliwa, taa zikiwaka bila yeye kujua. Baada ya kama robo saa alisikia harufu ya plastiki akasimama. Reksini ilikuwa imevimba katikati kama andazi, na sponji imeganda kwenye kioo. Sehemu kubwa ya zile wati 55 hugeuka joto, na kwa kawaida joto hilo hutoka kupitia kioo na mwili wa taa likachukuliwa na upepo. Mimi nilikuwa nimeivalisha taa blanketi. Tunashukuru vioo havikupasuka. Vifuniko tulivibandua polepole kwa ukucha wa mti na maji ya uvuguvugu, na kazi hiyo ilitula asubuhi nzima.

Jaribio la tatu

Nilimwambia mzee kwamba ya tatu ni kwa gharama yangu. Safari hii hatukuanza na cherehani. Tulikaa watatu, pamoja na fundi umeme, tukajiuliza kifuniko kiguse nini na kisiguse nini.

Jibu tulilofikia: kiguse ukingo wa chuma mahali patatu tu, kisiguse kioo kabisa, na kiache hewa ipite. Nilikata sahani ya plastiki ngumu ya ABS, milimita 2, kipenyo 158. Nyuma yake nilibandika vipande vitatu vya sponji ya matundu yaliyofungwa, ile isiyonywa maji inayofanana na ya kandambili, kila kimoja kikiwa na unene wa milimita 20. Vikibanwa vinabaki 17 hivi, kwa hiyo juu ya mtuno wa kioo inabaki nafasi ya milimita 5. Mbele na pembeni nilifunika kwa turubai jepesi la poliesta, nikashona kwa uzi wa poliesta, maana uzi wa pamba huoza kwenye maji. Flaneli hakuna. Ukanda wa pembeni unaning'inia nje ya ukingo bila kuubana, na upande wa chini kabisa niliweka vijicho viwili vya shaba vyenye tundu la milimita 6 vya kutolea maji.

Kwa kuwa kifuniko hakijishiki tena kwa kubana, kilihitaji mkanda. Lastiki pana inapita nyuma ya taa, inazunguka kishikizo chake na kufungwa kwa bizimu. Tulilijaribu gari kwenye mwendo wa barabara kuu, na mtu wa gari la mbele akitazama. Hakikupepea.

Suala la joto lilizua mjadala. Mimi nilipendekeza fyuzi ya taa hizo itolewe kila vifuniko vinapovaliwa, na iwekwe kwenye kijimfuko nilichoshona upande wa ndani wa kifuniko cha kushoto. Ukitaka fyuzi, sharti uvue kifuniko. Fundi umeme hakupenda.

"Kaka, ukichomoa na kuchomeka kila siku, vibano vya fyuzi vitalegea," alisema. "Kibano kikilegea kinapata joto. Taa mbili hizi zinavuta zaidi ya ampia 9."

Alikuwa na haki. Hesabu yake ni wati 110 gawanya kwa volti 12. Yeye alitaka ahamishe swichi mbali na goti na kuweka taa ndogo ya onyo kwenye dashibodi. Mzee aliamua vyote viwili vifanyike: swichi ihame, taa ya onyo iwekwe, na fyuzi ya ampia 15 iendelee kukaa kifukoni, kishikio chake kikaguliwe kila gari linapofanyiwa matengenezo.

Matokeo

Vifuniko vya tatu vimeshapita msimu mzima wa mvua. Vikivuliwa baada ya mvua, ndani huwa na umande kidogo unaokauka ndani ya saa chache, na vidoa vipya vya kutu havijaonekana. Jiwe moja limeshapiga cha kulia. Kwenye turubai liliacha alama nyeupe ya ukubwa wa punje ya mahindi. Sahani ya ABS haikupasuka, na kioo kilikuwa salama.

Mapungufu yalijitokeza mawili. Tundu moja la kutolea maji liliziba kwa tope, nikayapanua yote kutoka milimita 6 hadi 10. Na kipande kimoja cha sponji kilibanduka kwa sababu nilipaka gundi juu ya uso wake laini bila kuupiga msasa kwanza. Nilivibandua vyote nikavirudia.

Uchambuzi

Kosa la jaribio la kwanza lilikuwa la kiufundi na lilijulikana usiku uleule, kwa sababu tulikuwa na ukuta mweupe na mstari wa mwanga wa kulinganisha. Ndiyo maana lilitugharimu karatasi mbili za plastiki tu. Jaribio la pili halikuwa na ukuta wake. Nilikipima kifuniko kwa jicho la fundi viti, nalo jicho hilo likaridhika. Sikukimwagia maji na kukisubiri hadi kesho yake, wala sikuiwasha taa kikiwa kimevaliwa, huku nimesimama pembeni na saa mkononi. Vipimo hivyo viwili vingechukua siku moja na vingeokoa kromu ambayo sasa haitarudi.

Tatizo la ndani zaidi ni mazoea ya kazi yangu. Kwenye kiti, kubana ndiyo sifa: kitambaa kikikaa bila mkunjo mteja anafurahi, na sponji ya matundu wazi ndiyo inayofaa kwa sababu inapumua mtu anapokalia. Nilivihamisha vyote hivyo kwenye taa bila kujiuliza. Kiti kiko ndani ya gari, hakinyeshewi wala hakitoi joto. Taa iko nje, chini, kwenye tope, na ndani yake mna moto. Kila kitu nilichokiona ubora kwenye kifuniko cha pili ndicho kilichoidhuru taa: kubana kulizuia maji kutoka, flaneli ilishika mchanga, sponji ilitunza unyevu na baadaye joto.

Hamu ya uzuri nayo ilichangia. Tulitaka kifuniko kifuate umbo la kioo kwa sababu ndivyo kinavyopendeza kwenye picha. Cha tatu kina uso bapa na kinajitokeza mbele ya taa zaidi ya ilivyokuwa awali. Mzee alikubali, lakini najua hakukipenda kama cha pili, na sioni kwa nini nifiche hilo. Kwa mtu anayetaka uso uliotuna, njia ipo: akande sahani ya ABS juu ya kalibu kama tulivyofanya na polikaboneti, mradi mtuno wa sahani uache nafasi juu ya mtuno wa kioo.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia ni kumwita fundi umeme mapema, kabla ya kukata kitambaa. Mimi niliona swali la joto kama swali la kitambaa: nitafute kinachostahimili moto. Yeye aliliona kama swali la swichi na goti. Kitambaa kisichoungua kingeficha kosa tu, taa ingeendelea kupika kiakisi chake ndani ya giza bila harufu ya kumshtua mtu.

Mpango wa fyuzi ulikuwa na mwanya mmoja. Ukifanya kazi, ni kwa sababu hakuna fyuzi nyingine ya kuchomeka. Siku moja nilikuta kwenye kisanduku cha dashibodi fyuzi ya akiba ya ampia 15, mpya, ndani ya pakiti yake. Nilimwonyesha mzee. Aliifikiria, akasema hawezi kusafiri bila fyuzi ya akiba, na hapo sikuwa na la kumbishia. Tulikubaliana pakiti hiyo ihamie kwenye kijimfuko kama kile, kwenye kifuniko cha kulia.